Chini ya Mstari Mwekundu

Bomba lile lilikuwa na mstari mwekundu. Muuguzi aliuchora kwa rangi ya kucha zake mwenyewe, kwa sababu zile namba ndogo mimi sizioni tena, na hata zamani nilipoziona hatukuwa na urafiki mkubwa. Shule niliiacha darasa la tatu, mwaka ambao mama yangu alijifungua mapacha akatafuta mtu wa kumbeba mmoja.

"Bibi," aliniambia, "unavuta dawa mpaka hapa kwenye wekundu. Usizidishe, usipunguze."

Bomba hilo halina sindano. Ni la kupimia dawa ya maji na kumtilia mtoto ndani ya shavu, polepole, asipaliwe. Nilikuwa nimelishika mara nyingi katika nyumba za watu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulishika nyumbani kwangu, na mtoto aliyekuwa kitandani alikuwa mjukuu wangu.

Nieleze kwanza nilifikaje kwenye kazi hii. Nilikuwa mkunga, wale wa kienyeji. Nimepokea watoto tangu huku kwetu hadi karibu na Malindi, hii ya huku milimani, kwa miguu yangu. Tulipoambiwa wanawake wote wazalie zahanati, nikakaa na mikono yangu, sijui niifanyie nini. Ndipo ikaja semina ya kuhudumia wagonjwa nyumbani. Wenzangu walirudi na madaftari yaliyojaa. Langu lilikuwa jeupe, kila kitu nilikibeba kichwani: namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, namna ya kumsafisha kinywa kwa maji ya chumvi, namna ya kukaa na mtu anayeondoka bila kumkimbia kwa macho. Walipogawa kazi, mimi nikapewa watoto. Hakuna aliyewataka. Mtu mzima akiwa mahututi mnaweza kuzungumza, atakuuliza habari za shamba, atakutuma umwitie ndugu yake. Mtoto anakutazama tu, anangoja umwondolee maumivu.

Niliowahudumia wote nawakumbuka kwa majina, na majina ya mama zao, na kitanda kilikaa upande gani wa chumba. Sitayaandika hapa. Mama zao tunakutana sokoni, tunasalimiana, na kila mmoja anajua kuwa najua.

Mmoja lazima nimtaje bila jina, kwa sababu bila yeye hamtanielewa. Alikuwa mtoto wa bonde la pili kutoka kwetu. Mvua ilikata barabara, dawa yake ikaisha, na muuguzi wa wakati ule hakuweza kufika. Siku mbili. Nilikaa naye siku hizo mbili na chupa tupu mkononi, naisuuza kwa maji kijiko kimoja, nampa yale maji, naisuuza tena. Sauti yake sitaieleza. Tangu hapo sikuweza kuitazama chupa ya dawa bila kuangalia imebaki kiasi gani.

Halafu kuna malezi. Mama yangu hakuwa anamaliza kitu chomboni. Chumvi ikikaribia kwisha koponi, aliacha punje chache chini, akaongezea juu yake chumvi mpya. Ukirudisha bakuli la jirani unatia chochote ndani, hata peasi moja. Na mbegu ndiyo usiseme. Mpaka leo, tukishapanda maharage ya masika, naacha kikapu kimoja juu darini, kwenye moshi wa jiko, maana mvua za huku zinaweza kuporomosha shamba zima na ukatakiwa kupanda upya. Mwanamke wa mlimani akikosa mbegu ya kurudia anasemwa mpaka msibani. Mimi sijawahi kukosa.

Sasa mjukuu. Alikuwa na miaka tisa, mtoto wa binti yangu, na amekulia kwangu kwa kuwa baba yake ni kibarua wa mkonge huko chini na binti yangu alirudi nyumbani kunisaidia. Ilianza na goti. Tulidhani ameanguka. Mimi mwenyewe nilimkanda kwa mafuta ya moto jioni nyingi, yeye akiuma kanga, na hilo nalo ninalo moyoni. Tulipofika hospitali kubwa walisema ni saratani ya mfupa, na imeshafika kwenye mapafu. Wakasema tukae naye nyumbani, na muuguzi kutoka mjini Lushoto atakuja kila Alhamisi na dawa ya maumivu. Binti yangu aliuliza, "Na dawa ya kupona?" Daktari akavua miwani yake. Mimi niliyekwisha kuwaona wengi wakivua miwani nilijua hapo hapo.

Kwa hiyo sikuwa na jambo la kuomba isipokuwa moja. Kuondoka ataondoka. Nilitaka aondoke bila kulia. Hilo nilikuwa naliweza, nilikuwa nimeliweza kwa watoto wa watu.

Muuguzi alikuwa msichana wa Tanga, Mkristo, mwembamba, mwenye kucheka kwa sauti. Alitoa shikamoo mlangoni kabla ya kuvua viatu. Siku ya kwanza alimkalia mtoto pembeni akamfundisha vidole.

"Ngumi ni haiumi kabisa. Kidole kimoja, inauma kidogo. Vitano, unataka kupiga kelele. Haya nionyeshe, sasa hivi ngapi?"

Mtoto akaonyesha vinne.

"Na Bibi yako ukimtazama, unaonyesha vingapi?"

"Yeye mwenyewe ndiye ugonjwa," mtoto akasema, na muuguzi akacheka mpaka akashika ukuta.

Mimi na mjukuu wangu tulikuwa na utani wetu. Mimi nilimwita mke mwenza, naye aliniita hivyo hivyo, kwa sababu mume ni mmoja, babu yake. Babu amefariki siku nyingi lakini hilo halikutuzuia kugombana. Alikuwa akiniambia babu alimpenda zaidi kwa kuwa yeye ana meno yote. Mimi nilimwambia babu hajui hata kama amezaliwa. "Ananijua," akasema, "huwa namsimulia mambo yako yote."

Dawa ilipangwa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na ya kulalia ikawa mara mbili, ili alale hadi alfajiri. Wiki mbili za kwanza zilikwenda vizuri mpaka nikaogopa. Alikuwa anakula uji. Alinikemea nikichelewa kumgeuza. Nilikuwa natandika majani laini ya mgomba chini ya shuka kupoza mgongo, naye anasema amekuwa mkate wa kumimina. Akiulizwa vidole, anakunja ngumi na kumpiga muuguzi nayo begani.

Kisha mvua ikaanza kweli. Siyo manyunyu ya ukungu tuliyoyazoea. Ilikuwa ile ya masika inayopiga bati mpaka hamsikilizani, na udongo mwekundu ukaanza kuteremka njiani kama uji uliomwagika. Nilisimama mlangoni nikatazama ule udongo, nikamwona yule mtoto wa bonde la pili.

Siku hiyo hiyo, dawa ya saa nane, nilivuta mpaka kwenye mstari mwekundu. Halafu nikampa mtoto, na nilipobakiza kiasi cha upana wa punje ya maharage nikaacha kusukuma. Kilichobaki nikakitia kwenye chupa ndogo iliyokuwa ya dawa ya kikohozi. Nilikuwa nimeichemsha asubuhi. Kumbe mkono wangu ulikwisha kuamua kabla yangu. Chupa ile nikaipandisha darini, nikaifukia kwenye kikapu cha mbegu.

Sikumwambia mtu. Chupa kubwa ilishuka kila siku vile inavyotakiwa, hata muuguzi angeitazama asingeona kitu. Nilijiambia ni kidogo tu, mtoto hatajua. Nilijiambia barabara ikikatika, kila mtu atalia katika mlima huu isipokuwa wa kwangu. Kila nilipopanda ngazi na kutia yale matone, moyo ulitulia. Nataka niseme ukweli huo. Moyo ulitulia kama mtu aliyekwisha kuanika kuni kabla ya mvua.

Siku ya pili nikabakiza punje mbili.

Mtoto alianza kunyamaza. Alikuwa anatazama ukuta, na akiulizwa anajibu kwa neno moja. Binti yangu alisema ni ugonjwa unasonga mbele. Nikamwambia ndiyo, ni ugonjwa. Asubuhi moja, binti yangu akiwa kisimani, nilimaliza kumpa dawa nikageuka na bomba mkononi kwenda jikoni. Mtoto akaniita.

"Mke mwenza."

"Nini tena?"

"Nikifika kwa babu nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba unanibania dawa, kama ulivyombania sukari ya chai."

Nilicheka. Hapo ndipo ninapojichukia zaidi, nilicheka, nikamwambia babu alikuwa anatia vijiko vitano, mtu gani huyo. Naye akacheka kidogo, akashika ubavu. Kitanda chake kilitazama mlango wa jikoni. Alikuwa ananiona nikipanda ngazi siku zote. Akanong'ona, "Si kitu Bibi. Weka tu. Leo haiumi sana." Akaonyesha kidole kimoja.

Ningeweza kuishusha chupa dakika ile. Nilikwenda nikakoroga uji.

Alhamisi muuguzi alikuja kwa bodaboda, amelowa chapachapa, na dereva akawa anapiga honi nje kwamba njia inaharibika. Akauliza vidole. Mtoto akanitazama mimi kwanza. Halafu akaonyesha kimoja.

Muuguzi aliinama. Alifunua blanketi chini akatazama miguu. Vidole vya miguu vilikuwa vimekunjwa, vimeshikana kabisa, mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Bibi, kwa nini anakunja miguu hivi? Dawa anaipata yote?"

"Anaipata," nikasema.

"Mpaka kwenye wekundu?"

"Mpaka kwenye wekundu. Wewe umenisahau mimi ni nani? Hawa watoto wote aliwahudumia nani?"

Alinipa heshima yangu, akainamisha kichwa. "Samahani Bibi. Basi nadhani tuongeze kidogo."

"Hakuna haja. Usingizi anapata."

Nilisema hivyo mbele ya mtoto, naye akafumba macho. Muuguzi aliniheshimu. Kama nisingekuwa bibi mwenye jina langu katika kazi ile, angenibana mpaka niseme. Aliacha chupa mpya, na ya siku mbili zaidi juu yake, akasema kwa ajili ya mvua. Kisha akapanda bodaboda, akaenda.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Mlima ulikuwa umeanguka kwenye barabara, upande wa chini, na hakuna gari wala pikipiki iliyopita. Alipiga simu.

"Bibi, dawa ipo?"

"Ipo kidogo."

"Zile siku mbili zipo. Mpe kama kawaida, msibane. Mimi nitafika. Bibi unanisikia? Msibane."

"Nakusikia."

Nilikata simu nikaanza kumpa nusu.

Ijumaa ilipita kwa kuugulia. Jumamosi asubuhi hakutaka kuguswa. Nilipotaka kumgeuza alitoa sauti ambayo niliifahamu. Niliifahamu tangu bonde la pili. Shuka ikimgusa goti analia, mlango ukifungwa analia, kuku akiruka dirishani analia. Kisha akawa halii tena kwa machozi, anatoa pumzi tu zenye sauti, moja baada ya nyingine, akinitazama. Binti yangu alikuwa amepiga magoti kitandani. Akaniona navuta dawa, akaona nimeishia wapi.

"Mama, mbona hapo? Mstari uko huku!"

"Imebaki kidogo."

"Mpe!"

"Ikiisha je? Hujui wewe ikiisha inakuwaje. Mimi nimeiona."

"Ikiisha iishe! Mama, mwanangu anakufa sasa, siyo kesho! Wewe unaiogopea chupa, unataka ibaki. Ibakie nani?"

Akaninyang'anya bomba, akavuta mpaka kwenye wekundu, akampa. Ilimsaidia kidogo tu, ilikuwa imechelewa mno, maumivu yalikuwa yameshika nyumba yote. Kufika saa nane alikuwa pale pale. Na binti yangu, alipoona chupa kubwa imebaki kidole kimoja, naye akaingiwa na hofu yangu. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, basi mpe nusu." Nikampa nusu.

Na juu ya vichwa vyetu, hatua sita za ngazi, kulikuwa na chupa imejaa.

Mtaniuliza kwa nini sikuishusha. Nimejiuliza mimi kuliko mtakavyoniuliza. Nilikuwa nasema kesho huenda ikawa mbaya kuliko leo. Nilikuwa nasema barabara haijafunguka. Nilitazama ngazi, nikasema bado. Mtoto alikuwa anapumua zile pumzi, na mimi nikasema bado. Nafikiri mtu akishaweka akiba kwa siri inamzuia. Kuishusha kungekuwa ni kusema ilikuwepo tangu juzi, tangu wiki iliyopita, tangu alipoonyesha kidole kimoja. Nilimwonea aibu binti yangu. Kwa aibu hiyo mtoto aliumia tangu asubuhi hadi jua likazama, na sijui usiku ule niuhesabu namna gani.

Jumapili, saa nne hivi, mbwa wa jirani walibweka. Muuguzi alikuwa anapanda njia ya shambani kwa miguu. Alikuwa ameshuka kwenye gari pale barabara ilipokatika, akavuka kifusi kwa mikono na miguu, akapanda mlima na mkoba kichwani. Matope yalimfika mapajani. Kiatu kimoja kilikuwa kimebaki huko. "Shikamoo Bibi," akasema, na mimi, badala ya kuitikia, nikasogea mlangoni apite.

Aliingia hivyo hivyo na matope, akapiga magoti.

"Mwanangu. Nionyeshe vidole."

Mtoto alinitazama. Mkono ulitoka chini ya blanketi, akainua kidole kimoja.

Muuguzi akaushika ule mkono. "Hapa hakuna mtu atakayegombezwa," akasema. "Si wewe, si Bibi. Nataka kujua tu."

Mtoto akaendelea kunitazama mimi. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ananingoja nimpe ruhusa. Mtoto wa miaka tisa, anaungua, ananitunzia siri yangu. Nikamwambia kwa Kishambaa, mwonyeshe. Akafungua mkono wote. Kisha akautoa mkono wa pili nao akaufungua, vidole kumi juu hewani, akavishikilia hapo, kwa kuwa mkono mmoja haukutosha.

Muuguzi alimpa dawa kwanza. Baada ya hapo ndipo alipoinua chupa kubwa kwenye mwanga wa dirisha.

"Bibi, hii ilitakiwa iwe imekwisha tangu jana asubuhi."

Nilipanda ngazi. Nilichimba kwenye maharage, nikashuka na ile chupa ndogo nikamkabidhi. Punje moja ilikuwa imenata kwenye kifuniko.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Kwa kazi yao ni lazima wajue dawa inayorudishwa ni kiasi gani, basi alikaa sakafuni akavuta kwa bomba mpaka kwenye wekundu, akamimina kikombeni, akavuta tena, akamimina. Midomo yake ilikuwa inahesabu bila sauti. Yangu pia. Tulifika ishirini na mbili. Hesabu siiwezi, lakini hiyo niliiweza. Ilikuwa karibu siku nne. Ingemtosha tangu Alhamisi hadi pale tulipokaa.

Binti yangu alisimama mlangoni akaona kila kitu. Alitoka nje. Tukasikia shoka. Kuni zilikuwa zimekwisha kupasuliwa, alikuwa anazipasua tena, ndogo ndogo, vijiti.

"Bibi," muuguzi akasema, "ya kesho niachie mimi. Ndiyo kazi yangu. Umeona nimekuja."

"Nimeona."

"Ungeniambia tu unaogopa. Ningekuachia chupa mbili."

Neno hilo ndilo lililoniangusha. Chupa mbili. Sikuwahi kufikiri kwamba hofu ni kitu cha kumwambia mtu.

Kufika alasiri mtoto alilala usingizi wa kweli, mdomo wazi, akikoroma. Nilikaa pale nasikiliza ule mkoromo. Jumatatu aliamka akataka peasi. Hakuweza kula, alitaka kulishika. Mvua ilikuwa imenyamaza kidogo, tukambeba kwenye kitenge, mimi kichwani, binti yangu miguuni, hatuzungumzi, tukamlaza barazani kwenye jua. Alikuwa mwepesi kama furushi la nguo zilizokauka. Binti yangu alikwenda kuchemsha maji. Tukabaki wawili.

Nilimwambia, "Mke mwenza."

"Mm."

"Utamwambia babu?"

Alifikiri. Alikuwa anafikiri kweli, analizungusha peasi kifuani. Mtoto huyu hakuwa na tabia ya kukubali jambo ili kumfurahisha mtu.

"Sijaamua bado," akasema.

Jumanne alisema maneno machache, hayakuhusu hilo. Aliuliza kama mbuzi amezaa. Nilitaka kumwuliza tena nikashindwa, nilisema nisimchoshe. Dawa nilimpa mimi, kila saa yake, mpaka kwenye wekundu, na binti yangu alikuwa anakuja kusimama nyuma yangu kutazama. Sikumlaumu. Jumatano baada ya adhuhuri pumzi zilianza kuachana. Binti yangu alimshika, mimi nikamsomea kile ninachokijua, nikamtamkisha shahada sikioni. Aliondoka bila kulia. Nililokuwa nimeliomba nililipata, siku tatu. Siku kumi na tano kabla ya hizo nilizichukua mimi.

Tulimwosha wanawake wa nyumbani. Mimi nilishika miguu. Vidole vilikuwa vimekunjuka, kila kimoja peke yake, nikapitisha maji katikati yake.

Baada ya arobaini nilimwambia muuguzi kwamba naacha kazi. Akasema kuna mtoto amerudishwa kutoka hospitali, kijiji cha chini, na mama yake ni msichana mdogo hajui lolote. Nilikataa. Kesho yake nikaenda. Yule mama alikuwa analishika bomba kwa mikono miwili. Akavuta, akaishia chini ya mstari, akanitazama.

"Bibi, si nibakize kidogo, kwa ajili ya mvua?"

Nilimshika mkono nikauvuta pamoja naye mpaka kwenye wekundu. Nikamwambia nilichokifanya. Chote, na ngazi, na vidole kumi. Aliniachia mkono kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, akasogea karibu na mtoto wake. Alinitazama hivyo siku zote nilizokwenda. Lakini mtoto wake alipata dawa yake yote, na mimi nawaambia wote sasa, kila nyumba, siku ya kwanza, kabla sijakalishwa.

Binti yangu tunaishi pamoja. Tunalima, tunapika, ananisalimia asubuhi kwa heshima yote. Kikapu cha mbegu hakiko tena darini, alikishusha yeye, sikuuliza amekipeleka wapi. Msimu uliopita mvua iliporomosha maharage yetu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilikwenda kwa jirani kuomba mbegu. Alishangaa mno, akauliza, "Wewe?"

Jioni nikimaliza kusali nakaa barazani, pale tulipomlaza. Mimi ni mzee, si muda mrefu nitafika walipo. Nawafikiria hao wawili, mume na mke mwenzangu, wakinisikia nakuja na ndara zangu. Sijui babu atanipokeaje. Sijui kama ameshaambiwa.